Kabla Hujatuma: Kujikinga na Matapeli Ukiwa Ughaibuni

Tapeli anayewawinda watu wa ughaibuni si lazima awe fundi wa kompyuta. Umbali unamtosha. Anajua wewe uko Minneapolis au Leicester, wazazi wako nyumbani, saa zinapishana, na ukiletewa ujumbe wa "dada, baba kalazwa, wanataka hela sasa hivi" huna namna ya kutoka ukaenda kuchungulia wodini. Wengi waliolizwa ni watu wepesi wa kusaidia waliokosa njia ya kuhakikisha. Basi tuanze na hiyo njia.

Kubalianeni kifamilia kwamba namba mpya haitumiwi pesa, hata ikija na jina na picha ya mjomba, mpaka mtu apige ile namba ya siku zote na kuzungumza naye. Asipopatikana, apigiwe anayeishi naye. Mgonjwa wa kweli ana wa kumshuhudia: shemeji, jirani, muuguzi wa zamu. Watanzania wanaufahamu ule ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Unachekesha ukiupata huna deni na mtu, lakini husambazwa kwa watu wengi kwa mkupuo, na humkuta yule mmoja ambaye asubuhi hiyo alikuwa kweli akisubiri namba ya kulipia ada.

Sauti nayo haiaminiki kama zamani, kwa kuwa programu za akili mnemba huweza kuiga sauti ya mtu kutokana na kipande kifupi alichorekodiwa. Wekeni swali la ndani ambalo jibu lake halipo Facebook. Jina la bibi na shule uliyosoma havifai. Hivyo ulishavianika mwenyewe.

Wazazi nao wanalengwa: "mwanao kakamatwa uwanja wa ndege", "kuna mzigo wake umefika, lipia ushuru". Kumwambia mzee "usimwamini mtu" hakumsaidii. Mwambie hivi: nikituma mzigo nitakupigia mwenyewe kabla, na yeyote atakayekudai hela kwa jina langu, mkatie simu unipigie, hata kama huku ni usiku wa manane.

Laini uliyoiacha nyumbani

Hili halizungumzwi vya kutosha. Wengi tuna laini ya nyumbani iliyounganishwa na benki, barua pepe na WhatsApp, kisha ikakaa kabatini bila kutumika. Laini isiyotumika muda mrefu hufungwa, na namba yake huweza kuuzwa kwa mtu mwingine. Huyo mmiliki mpya wa namba, mwema au mbaya, ndiye ataanza kupokea namba za uthibitisho za akaunti zako. Ama iweke laini hai kwa vocha na matumizi ya mara kwa mara, ama uiondoe kwenye kila akaunti kabla haijafungwa. Ukienda likizo, piga *106#: Tanzania, na kwa wateja wa Safaricom Kenya, itakuonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoitambua, nenda kwa mtandao husika ifutwe. Tapeli akikamatwa na laini yenye jina lako, maelezo utayatoa wewe.

Kwenye WhatsApp washa leo uthibitishaji wa hatua mbili, yaani namba ya siri ya ziada unayoiweka mwenyewe. Anayetaka kukuibia akaunti huhitaji ile namba ya tarakimu sita unayotumiwa kwa ujumbe mfupi, na mara nyingi huiomba kupitia akaunti ya rafiki yako aliyekwisha kuibiwa: "samahani, nimekosea, namba yangu imekuja kwako." Akiipata, saa hiyohiyo kundi la michango ya msiba linaanza kuombwa pesa kwa jina lako. Na tukiwa hapohapo kwenye makundi: tuache kutupia humo picha za pasipoti ati mtu atafutiwe tiketi.

Makaratasi na jina lako

Marekani, anayeshika namba yako ya Social Security (ya hifadhi ya jamii, inayotumika kwenye kazi, kodi na mikopo) anaweza kukopa kwa jina lako usijue mpaka wadai wakutafute. Dawa ipo na ni bure kwa sheria ya shirikisho tangu mwaka 2018: fungia taarifa zako za mikopo kwa Equifax, Experian na TransUnion, kampuni zinazotunza rekodi za mikopo za watu. Zote tatu, kila moja kivyake. Ukitaka kukopa, unafungua kwa muda, na ukiomba mtandaoni au kwa simu wanatakiwa kufungua ndani ya saa moja. Watoto wa chini ya miaka 16 unaweza kuwafungia wewe mzazi. Fanya hivyo, maana mtoto haombi mkopo, na wizi wa namba yake unaweza kukaa miaka bila kugunduliwa.

Omba pia IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, wakupe namba ya siri ya kodi, tarakimu sita zinazobadilika kila mwaka, ili mwingine asiwasilishe hesabu za kodi kwa jina lako na kuchukua marejesho. Na tuseme ukweli: kumwazima ndugu namba yako ya Social Security apate kazi ni hatari. Mishahara yake itasomeka kuwa yako, na kuitengua hadithi hiyo mbele ya ofisi ya kodi au ya uhamiaji ni kazi ngumu.

Mtu akikupigia akijiita afisa wa uhamiaji au kodi, akatishia kukurudisha kwenu usiponunua kadi za zawadi na kumsomea namba zake, kata simu. Hakuna ofisi ya serikali inayopokea malipo ya namna hiyo. Vilevile bahati nasibu ya viza za Marekani haiwajulishi washindi kwa barua pepe. Mwombaji huangalia mwenyewe kwenye tovuti ya dvprogram.state.gov.

Likishatokea

Piga benki au kampuni uliyotumia kutuma kabla ya kumpigia mtu mwingine yeyote. Muamala ambao haujachukuliwa upande wa pili mara nyingine huzuilika. Uingereza, piga 159 na utaunganishwa na benki yako, kama ni miongoni mwa zilizojiunga, nazo ni karibu zote kubwa. Tangu Oktoba 7, 2024 benki za huko zinatakiwa kwa kawaida kumrudishia aliyelaghaiwa hadi pauni 85,000, ila kwa uhamisho wa ndani ya Uingereza tu. Ulichotuma Dar es Salaam, Nairobi au Kampala hakimo. Ndiyo sababu nimekaa sana kwenye kuhakikisha kabla ya kutuma.

Marekani, toa taarifa kwenye IdentityTheft.gov, watakutengenezea ripoti na hatua za kufuata, na ripoti hiyo utaihitaji ukipinga madeni yasiyo yako. Ujumbe wa kitapeli usambaze kwenda 7726 ukiwa Marekani au Uingereza. Aliyeko Tanzania autume 15040, na mteja wa Safaricom 333. Kisha liambie kundi la familia siku hiyohiyo, namba ya tapeli ikiwemo, kwa sababu namba zenu nyote huenda anazo na anayefuata ni shangazi.