Kipupwe cha kwanza Makete: maandalizi ya mwalimu mpya, kuanzia Mei hadi Januari

Barua ya kupangiwa kituo ikishataja Halmashauri ya Wilaya ya Makete, uliza kwanza ni kata gani. Mfumbi iko chini kabisa, kando ya barabara kuu ya Mbeya, na huko chandarua kina kazi kuliko sweta. Ukipanda kutoka Chimala kwa zile kona 57 hadi Matamba, kisha ukaendelea upande wa Kitulo, unafika kwenye uwanda wa mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Huko usiku wa Juni, Julai na Agosti joto hushuka chini ya nyuzi sifuri, na asubuhi unakuta majani yamekuwa meupe kwa sakitu. Mwongozo huu ni wa walimu wa huko juu.

Kinachowaponza wageni ni kalenda. Muhula wa kwanza hufungwa mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, wa pili hufunguliwa mapema Julai. Mwalimu mgeni anaondoka baridi haijakaza, anarudi ikiwa imekolea, mara nyingi jioni, kwenye nyumba iliyofungwa mwezi mzima. Hana kuni, godoro limevuta unyevu, na duka la kijiji limeshafungwa. Kwa hiyo kazi zote za nyumba zifanyike Mei, kwa mshahara wa Aprili, kabla hujaaga mtu yeyote.

Nyumba: anzia juu

Nyumba nyingi za walimu vijijini ni za tofali na bati, bila dari. Joto la jioni lote hupotelea kwenye bati. Alfajiri mvuke wa pumzi zako hugandia huko na kukurudia kitandani kama matone, ndiyo maana mtu analala na mablanketi matatu na bado anaamka shuka lina majimaji. Tiba yake ni dari, na si lazima liwe la mbao. Salfeti zilizofunguliwa zinatosha.

Kwa chumba cha mita 3 kwa 3 tafuta salfeti 9 au 10 za kilo 100, zilizokwisha kutumika. Wanunuzi wa viazi na mahindi huwa nazo. Pasua ubavu mmoja na kitako, zifue, zianike zikauke kabisa. Salfeti moja ikifunguliwa inatoa kama mita ya mraba moja na robo, na mshono unakula kidogo, kwa hiyo usinunue saba ukidhani umepiga hesabu vizuri. Zishone kwa sindano ya gunia na uzi wa nailoni, moja ipande juu ya nyingine sentimita 5. Zitandaze chini ya mbao za kenchi, uzibane kwa mianzi iliyopasuliwa, msumari kila sentimita 30. Kabla ya kupiga msumari kunja ukingo mara mbili. Ukipiga kwenye tabaka moja, upepo wa siku ya kwanza utaichana pale pale kwenye msumari. Usizivute zikakaza kama ngoma, acha zilegee kidogo. Na salfeti ni plastiki: weka chumbani tu, kamwe si juu ya mahali pa moto.

Chini ya mlango shona mfuko wa kitambaa wenye urefu wa mlango, ujaze pumba za mbao, uulaze kila jioni. Dirisha lililopasuka kioo lizibe kwa karatasi ya nailoni upande wa ndani. Lakini acha tundu la hewa moja wazi juu ukutani. Chumba kilichozibwa kila upande huota ukungu kabla Julai haijaisha.

Kitandani watu hujirundikia mablanketi juu na kusahau kwamba baridi inapanda kutoka chini. Panga makatoni mawili juu ya chaga, kisha godoro, kisha blanketi moja zito chini ya shuka unalolalia. Ukiwa na mablanketi matatu, moja chini na mawili juu litakufaa kuliko yote matatu juu. Nunua ya mtumba Makambako au Njombe mjini unapopita. Ni mazito kuliko mengi mapya ya dukani, na ukichelewa hadi Julai mazuri yameshachaguliwa. Kila Jumamosi yenye jua lisimamishe godoro nje, upande wa chini uelekee jua.

Kuna kifaa kimoja kinachoshinda blanketi la nne: kidumu cha lita 3 kilichokuwa na mafuta ya kula. Chemsha maji, yaepue, yaache dakika tano, mimina hadi karibu na shingo, funga kizibo, kigeuze kichwa chini juu ya beseni uone kama kinavuja. Kivishe sweta kuukuu na ukiweke miguuni nusu saa kabla ya kulala. Asubuhi maji bado yana uvuguvugu na unayanawia uso. Usitumie chupa laini ya soda au ya maji ya kunywa, kwa sababu ikipata maji ya moto inajikunja na kupasukia kitandani. Na kidumu kisiguse ngozi tupu. Aliyelala fofofo anaungua bila kushtuka.

Mkaa usilale nao

Hapa hakuna mjadala. Kila kijiji cha baridi utakutana na mtu anayekuambia mkaa ukishaiva, ukawa mwekundu bila moshi, hauna madhara. Si kweli. Moshi unaisha, lakini hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi inaendelea kutoka, tena haina harufu wala rangi. Inaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kukosa nguvu, na aliyelala hapati hata dalili hizo. Mkionana watu wawili katika chumba kimoja mnaumwa kichwa kwa wakati mmoja, hiyo si malaria. Tokeni nje kwanza, jiko baadaye, kisha mwende zahanati.

Utaratibu ulio salama ni huu: pasha chumba jioni ukiwa macho, mlango ukiwa wazi kiasi cha kupita mkono na dirisha moja limefunguliwa, kwa saa moja hivi. Kisha toa jiko nje, si kwenye korido, na umwagie mkaa majivu au maji. Lililobaki ni kazi ya kidumu na blanketi.

Kuni nunua Mei, zikae chini ya paa mwezi mzima kabla ya kuzihitaji. Za mipaini huwaka haraka na kuacha masizi mengi kwenye sufuria, zinafaa kuwashia tu. Za miwati ndizo za kupikia maharage: zinashika taratibu lakini zinakaa. Usijikatie mwenyewe ovyo, kwani karibu kila shamba la miti lina mwenyewe hata kama huoni uzio. Mwone mwenyekiti wa kitongoji akuelekeze kwa muuzaji.

Maji, chakula na mwili

Katika mwinuko wa Kitulo maji huchemka kwenye nyuzi 91 hivi, si 100. Hiyo ndiyo sababu maharage yanagoma, si kwamba umeuziwa ya zamani. Yaloweke saa 10 hadi 12, mwaga maji ya kwanza, na kama bajeti inaruhusu nunua sufuria ya presha. Itajilipa kwa kuni utakazookoa. Maji ya kunywa yaache yachemke kwa nguvu dakika 3 kamili. Unga wa maandazi hauumuki juu ya meza, kwa hiyo uweke karibu na mafiga, umefunikwa.

Jaza ndoo zote jioni. Bomba linalopita juu ya ardhi asubuhi ya sakitu huweza kugoma hadi jua lipande. Oga saa nane au saa tisa mchana. Kuoga alfajiri kwa ushujaa ni mambo ya bweni la chuo.

Akiba ya mtu mmoja kwa mwezi, ukiacha vinavyopatikana kijijini: unga kilo 10, mchele kilo 5, maharage kilo 4, sukari kilo 2, mafuta lita 2, dagaa wakavu kilo 1, chumvi, majani ya chai, viberiti pakiti nzima na sabuni ya mche. Viazi usivibebe kutoka mjini, utachekwa. Hapa vinauzwa kwa debe. Vihifadhi gizani, kwa sababu vikipigwa na mwanga vinakuwa kijani na vichungu.

Nguo zivae tabaka tabaka: fulana ya pamba, sweta, halafu jaketi linalozuia upepo. Soksi ni jozi sita kwa uchache, maana zikifuliwa huchukua siku mbili tatu kukauka, na soksi yenye unyevu ni mbaya kuliko kutovaa. Vidole vya miguu vikivimba, vikawa vyekundu na kuwasha, usivianike motoni. Vikaushe, vaa soksi kavu, vipate joto polepole. Mdomo na visigino paka mafuta mazito usiku. Ukipanda bodaboda asubuhi, ingiza katoni au gazeti kati ya sweta na jaketi kifuani. Madereva wenyewe hufanya hivyo na hawaoni haya.

Darasani Julai

Vipindi viwili vya kwanza mikono ya watoto haishiki kalamu. Anza na hesabu za kichwa, kusoma kwa sauti, maswali ya mdomo. Kuandika kuanze jua likishaingia. Omba mstarini wanafunzi wapangwe upande wenye jua na matangazo yawe mafupi. Asiye na sweta usimsimamishe mbele ya wenzake. Mwambie mwalimu wa malezi. Jiko la mkaa lisiingie darasani hata kwa darasa la awali.

Likizo: karatasi kwanza

Shule kufungwa hakukupi ruhusa ya kuondoka kituoni. Jaza maombi ya likizo mapema, yapite kwa mwalimu mkuu (sekondari ni mkuu wa shule) na Afisa Elimu Kata, na usisafiri kabla hayajaidhinishwa. Bado uko kwenye miezi 12 ya majaribio, na utoro wa siku tatu unaonekana vibaya kwenye faili jembamba. Likizo ya mwaka ni siku 28. Nauli ya likizo hulipwa mara moja kila miaka miwili, kwa hiyo safari ya kwanza itoke mfukoni mwako. Angalia pia ratiba ya zamu. Darasa la saba na kidato cha nne mara nyingi hubaki kusoma Juni, na zamu ya Krismasi, kwa bahati isiyoelezeka, humwangukia mgeni asiye na familia. Ikikuangukia, omba kwa maandishi ubadilishane na mwenzako wiki tatu kabla, si siku ya kufunga.

Ukiondoka Juni, mwachie jirani ufunguo na kilo mbili za sukari, akufungulie madirisha mara moja kwa wiki. Kunja godoro, lisimamishe mbali na ukuta. Vyakula viweke kwenye ndoo zenye mifuniko, maana panya nao wanakimbia baridi. Panga kurudi siku mbili kabla ya kufungua, ufike mchana.

Desemba ni shida nyingine, kwa sababu ni mvua. Lami ya Njombe hadi Makete haikupi taabu. Siku inapotea kwenye kile kipande cha udongo kati ya lami na shule. Weka siku nzima ya akiba. Tena mwezi huo Wakinga, wenyeji wa Makete, wenye biashara mijini wanarudi nyumbani, mabasi yanajaa, na tiketi ya kuja Makete karibu na Krismasi ikatwe wiki mbili kabla. Anayetoka Makete hupata nafasi kirahisi wiki hiyo, shida yake ni kurudi Januari, magari yanayoingia wilayani yakiwa na wanafunzi.

Ukibaki kijijini, jua kwamba Desemba ndiyo mwezi wa harusi, vipaimara na kumalizia misiba. Mwalimu huombwa kuwa katibu wa kamati: "Mwalimu, wewe ndiye mwenye mwandiko." Kubali moja, siyo tatu, na daftari la michango lisomwe mbele ya watu kila kikao, fedha ishikwe na mtu mwingine. Ukialikwa chakula nenda na kilo ya sukari au mche wa sabuni. Ulanzi wa mvua, yaani pombe ya mianzi, ukiletwa, wa asubuhi huitwa mtogwa na ni mtamu kama juisi. Ule uliolala ni mkangafu, na mguu ndio wa kwanza kukujulisha. Pombe inakupa joto la ngozi tu huku mwili ukipoteza lake, kwa hiyo usitembee nayo usiku wa baridi.

Mshahara wa Desemba mara nyingi huingia kabla ya Krismasi, na unaofuata ni mwisho wa Januari: wiki tano, si nne. Siku hiyo hiyo unapoutoa, fedha taslimu ya nauli ya kurudi weka kando kwenye bahasha, pamoja na ya bodaboda ya kipande cha mwisho, kwa sababu wakala wa fedha wa kijijini Januari hana taslimu ya kukutolea. Unga na mafuta ya Januari nunua kabla ya kusafiri na uvifungie ndani.