Samaki wa kuanzia kwa maji ya Dodoma

Kabla hujaulizia bei ya samaki hata mmoja wa kufuga kwenye tangi la kioo nyumbani, fungua birika lako la umeme uangalie ndani. Kama unaishi Dodoma mjini na unachemsha maji ya bomba, utakuta ukoko mweupe umeng'ang'ania chini, ukiukwangua kwa kijiko unabanduka vipande vipande. Ni chokaa hiyo. Maji yetu mengi yanavutwa kwenye visima virefu vya Mzakwe, bonde la Makutupora, na huko ardhini yamekusanya madini. Ndiyo maana sabuni inachelewa kutoa povu. Samaki wako watakaa humo usiku na mchana, basi anza na wale waliozoea maji magumu, yaani yenye madini mengi kama haya.

Mimi nilianza kwa kufuata macho. Nilinunua neoni tetra kumi, wale wembamba wenye mstari wa bluu unaong'aa. Asili yao ni vijito vya bonde la Amazon, maji laini yenye uchachu kidogo. Aliyeniuzia hakuniuliza natumia maji gani, nami sikujua kwamba ni jambo la kuulizwa. Wiki ya pili ilipoisha walibaki wawili, wamepauka, wamejibanza nyuma ya filta ya kusafisha maji. Niliumia sana, kwa sababu wale viumbe hawakuwa na kosa lolote.

Tangi langu la sasa lina urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30, yaani lita 54 likijaa. Kwa anayeanza nisingeshauri dogo kuliko hilo. Maji machache yanachafuka upesi, yanapoa upesi, na kosa dogo la chakula linaua. Liweke juu ya meza imara, maana maji peke yake ni kilo 54, bado kioo na changarawe.

Samaki wa kwanza ninayempendekeza ni gapi. Maji magumu yanampenda naye anayapenda, ni mdogo, na anakuja juu akikuona. Shida yake ni uzazi: jike huzaa kila baada ya wiki nne hivi, watoto 20 au zaidi, na akishapandwa anaweza kuendelea kuzaa kwa miezi bila dume. Kijana wa jirani alinijia na kopo lake mkononi.

"Shikamoo mama. Hawa nimeambiwa wote ni madume."

"Marahaba mwanangu. Hebu tuwatazame kwenye mwanga."

Nikamwonyesha pezi la chini, nyuma ya tumbo. La dume limesokotana kama kijiti chembamba, la jike limefunguka kama kipepeo cha kupepelea jiko. Jike pia ana doa jeusi hapo karibu na pezi, na mara nyingi rangi zake ni hafifu. Kati ya sita alizokuwa nazo, wawili walikuwa majike. Kama hutaki kuzidiwa, nunua madume sita tu. Ukitaka kuzalisha, kila dume mmoja awe na majike wawili au watatu, vinginevyo atamsumbua jike mmoja mpaka achoke.

Plati ni chaguo zuri vilevile, mnene kidogo na mpole. Danio wa mistari nampenda kwa sababu ya baridi yetu. Juni na Julai usiku wa Dodoma hushuka hadi nyuzi 13 au 14, na hata sebuleni maji yanapoa. Danio anavumilia maji ya nyuzi 18, gapi anataka 24 na kuendelea, kwa hiyo kwa gapi nunua hita. Danio wawekwe sita au zaidi, peke yao hubaki na woga, na tangi lifunikwe kwani wanaruka.

Beta dume ni wa kukaa mmoja tu, madume wawili watapigana. Anaweza kuvuta hewa juu ya maji, hivyo umeme ukikatika na pampu ikazima hadhuriki haraka.

Wa kuwaacha: samaki wa dhahabu, anayekua kupita sentimita 20 na kuchafua sana, na yule anayeuzwa kama msafisha kioo, ambaye wengi wao hufika sentimita 40. Mbuna wa Ziwa Nyasa ni fahari yetu na madini hayawatishi, ila ni wagomvi, na kwenye lita 54 mnyonge hana pa kukimbilia. Vifaranga vya perege au kambale kutoka Hombolo waache bwawani.

Tangi lijaze wiki nne hadi sita kabla ya samaki, filta ikiwa inafanya kazi, na utie punje chache za chakula zioze. Bakteria wanaogeuza amonia, ile sumu inayotokana na uchafu na chakula kilichooza, kuwa nitriti, kisha nitrati, wanahitaji muda huo kuota. Maji ya bomba yalaze kwenye ndoo wazi siku nzima klorini itoke.

Dukani, simama dakika kumi bila kusema kitu. Kataa tangi lenye hata samaki mmoja mwenye madoa meupe kama punje za chumvi, mapezi yaliyobanwa mwilini, au anayehema juu juu. Nunua watatu kwanza, wengine baada ya wiki mbili.

Ukifika nyumbani, zima taa ya tangi, acha mfuko uelee juu ya maji dakika 20, kisha ongeza kikombe cha maji ya tangi mfukoni kila dakika tano, mara nne. Wahamishe kwa wavu, maji ya dukani uyamwage nje. Siku hiyo usiwape chakula. Asubuhi yake wape kiasi watakachomaliza ndani ya dakika mbili.