Namna ya Kukadiria Mustakabali wa Mgonjwa wa Kiharusi, Kuanzia Saa za Kwanza hadi Siku ya 90

Mgonjwa wa kiharusi anapolazwa, ndugu zake huuliza mapema sana kama atapona, na mara nyingi swali hilo humwangukia daktari, tabibu au muuguzi aliye zamu. Hawaulizi kwa udadisi. Wanataka kujua kama wauze ng'ombe kulipia matibabu, kama kijana aliyeko mjini aombe likizo, kama mzee ataweza kurudi kwenye chumba chake cha ghorofani. Mwongozo huu unaeleza namna ya kulijibu swali hilo kwa vipimo badala ya kubahatisha, na unashikilia jambo moja ambalo wengi hulipitia haraka: makadirio ya kiharusi hufanywa zaidi ya mara moja, na yale ya saa za kwanza ndiyo dhaifu kuliko yote.

Amua kwanza unakadiria nini

Tenganisha maswali manne: kama mgonjwa atakuwa hai baada ya siku 30, kama ataweza kujitegemea baada ya miezi 3, kama atatembea, na kama mkono uliopooza utafanya kazi tena. Kila swali lina kipimo chake na siku yake ya kujibiwa, na anayeyachanganya huishia kuwapa ndugu jibu lisilosaidia.

Kuhusu kujitegemea, tafiti nyingi hutumia mizani ya Rankin iliyorekebishwa, yenye alama 0 hadi 6. Alama 0 ni mtu asiye na dalili yoyote, 1 ana dalili lakini anafanya shughuli zake zote, 2 hawezi baadhi ya kazi za zamani lakini anajihudumia mwenyewe, 3 anahitaji msaada kiasi ila anatembea bila kushikwa, 4 hawezi kutembea wala kujihudumia bila msaada, 5 ni wa kitandani na anahitaji uangalizi wa kudumu, 6 amefariki. Kwa kawaida alama 0 hadi 2 huhesabiwa kuwa matokeo mazuri. Mpaka huo una walakini wake, kwa maana fundi cherehani mwenye alama 2, anayevaa na kula mwenyewe lakini vidole vyake haviwezi tena kushika sindano, huhesabiwa miongoni mwa waliofanikiwa wakati riziki yake imekatika. Kwa hiyo uliza kazi ya mgonjwa kabla hujatamka kwamba matarajio yake ni mazuri.

Kusanya taarifa za saa za kwanza

Karibu kila fomula ya kukadiria hujengwa juu ya mambo yaleyale: umri, hali ya mgonjwa kabla ya kiharusi, ukali wa kiharusi, sukari ya damu, muda uliopita na picha ya CT ya kichwa. Picha hutangulia hesabu zote, kwa kuwa kiharusi cha mshipa kuziba na kile cha damu kuvuja ndani ya ubongo hukadiriwa kwa njia tofauti kabisa, na macho ya mpimaji peke yake hayawezi kuvitofautisha kwa uhakika.

Muda ndio taarifa inayoharibika kwa urahisi zaidi. Usiulize tu dalili zilianza lini. Uliza ni lini mara ya mwisho mgonjwa alionekana akiwa mzima. Aliyeamka akiwa amepooza huhesabiwa tangu alipokwenda kulala au tangu alipoamka usiku akazungumza vizuri. Kisha hakikisha saa imeandikwa sawasawa, kwa sababu mke akisema mumewe alianguka saa moja asubuhi, na mwandishi wa faili akaandika 1:00 badala ya 7:00, mgonjwa ameongezewa saa 6 kwenye karatasi. Kosa hilo linatosha kumnyima dawa ya kuyeyusha donge la damu, ambayo kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu. Andika saa kwa mfumo wa saa 24, kisha msomee msimulizi kwa Kiswahili cha kawaida ili akuthibitishie.

Ukali hupimwa kwa NIHSS, mizani ya alama 0 hadi 42 inayochunguza fahamu, macho, uso, mikono, miguu, hisia, lugha na matamshi. Kadiri alama zinavyopanda ndivyo hatari inavyoongezeka. Mizani hii inahitaji tahadhari tatu. Kwanza, huipa lugha uzito mkubwa, hivyo kiharusi cha upande wa kushoto wa ubongo hupata alama nyingi kuliko cha kulia chenye ukubwa uleule. Pili, hukidharau kiharusi cha sehemu ya nyuma ya ubongo, na mgonjwa anayeyumba na kutapika anaweza kupata alama 2 tu huku akiwa katika hatari kubwa. Tatu, kipengele kimojawapo humtaka mgonjwa ataje mwezi na umri wake, na bibi asiyejua mwaka wake wa kuzaliwa hupoteza alama ambayo haihusiani na ubongo. Mpe alama kama kanuni inavyotaka, lakini andika pembeni maelezo ya ndugu kwamba hata jana asingeweza kutaja.

Kiharusi cha mshipa kuziba

Kwa mgonjwa aliyepewa alteplase, yaani ile dawa ya kuyeyusha donge la damu, fomula ya DRAGON, iliyochapishwa Helsinki mwaka 2012, ni rahisi kuhesabu kitandani. Picha ya CT yenye mshipa mweupe kupita kawaida au dalili za mapema za ubongo kufa hupewa alama 1, na ikiwa na vyote viwili alama 2. Aliyekuwa na Rankin zaidi ya 1 kabla ya kiharusi huongezewa 1. Umri wa miaka 65 hadi 79 ni alama 1, na miaka 80 au zaidi ni 2. Sukari inayozidi 8 mmol/L ni 1. Dawa kuanza baada ya dakika 90 ni 1. NIHSS ya 5 hadi 9 ni alama 1, 10 hadi 15 ni 2, na zaidi ya 15 ni 3.

Chukua mfano wa kubuni wa dereva wa miaka 58 aliyekuwa mzima kabisa, mwenye NIHSS 8 na sukari 9.6, aliyeanza dawa dakika ya 150, na ambaye CT yake haina dalili za mapema. Anapata 1 ya NIHSS, 1 ya sukari na 1 ya muda, jumla 3. Katika kundi la Helsinki, asilimia 74 ya waliokuwa na alama 3 walifikia Rankin 0 hadi 2 baada ya miezi 3, wakati waliokuwa na 0 au 1 walifikia asilimia 96, na miongoni mwa waliokuwa na 8 hadi 10 hakuna aliyefika huko.

Asiyepewa dawa hiyo, na hao ndio wengi katika hospitali zetu, anaweza kukadiriwa kwa fomula ya ASTRAL kutoka Lausanne, Uswisi. Mpe alama 1 kwa kila miaka 5 ya umri, 1 kwa kila alama ya NIHSS, 2 kama zimepita zaidi ya saa 3 kabla ya kufika hospitali, 2 kama sehemu ya uwanja wa macho imepotea, 1 kama sukari imezidi 7.3 au iko chini ya 3.7 mmol/L, na 3 kama fahamu zimepungua. Jumla ya 31 ina maana kwamba uwezekano wa kubaki tegemezi au kufariki ndani ya miezi 3 ni takriban nusu kwa nusu.

Matibabu hubadilisha matarajio, ila kwa kiwango chenye mipaka, na ndugu wana haki ya kuambiwa kiwango hicho. Katika utafiti wa NINDS, taasisi ya Marekani ya magonjwa ya mfumo wa fahamu, wa mwaka 1995, asilimia 39 ya waliopewa alteplase ndani ya saa 3 walibaki bila ulemavu au na ulemavu mdogo sana kwa mizani ya Rankin, ikilinganishwa na asilimia 26 ya wasiopewa. Damu iliyovuja ubongoni na kuleta madhara ilitokea kwa asilimia 6.4 dhidi ya 0.6. Kuvuta donge kwa waya maalumu kupitia mshipa, tiba iliyothibitishwa na tafiti kadhaa mwaka 2015, hufanya kazi vizuri zaidi kwa mshipa mkubwa ulioziba, lakini huhitaji mtambo na timu ambavyo ni vituo vichache sana vya Afrika Mashariki vinavyoweza kuwa navyo.

Baada ya matibabu yoyote, rudia NIHSS saa 24 baadaye. Alama hiyo ya pili hubashiri miezi 3 vizuri kuliko ile ya mapokezi, kwa kuwa inabeba ndani yake matokeo ya dawa, uvimbe na uvujaji uliokwisha kutokea. Kama una nafasi ya kufanya makadirio mara moja tu, yafanye siku ya pili.

Damu iliyovuja ndani ya ubongo

Hapa hutumika alama ya ICH (kifupi cha Kiingereza cha uvujaji huu), iliyotoka San Francisco mwaka 2001. Kipimo cha fahamu cha Glasgow (huanzia 3, asiyeitika kabisa, hadi 15, mwenye fahamu kamili) cha 3 au 4 ni alama 2, na cha 5 hadi 12 ni 1. Damu ya mililita 30 au zaidi ni 1, damu iliyoingia kwenye vyumba vya maji vya ubongo ni 1, uvujaji wa sehemu ya chini na nyuma ya ubongo ni 1, na umri wa miaka 80 au zaidi ni 1. Ujazo wa damu hupatikana kwa rula: pima urefu mkubwa zaidi wa donge kwenye picha, pima upana wake unaokata urefu huo kwa pembe mraba, zidisha na kina chake (idadi ya vipande vya picha vinavyoonyesha damu mara unene wa kipande), kisha gawanya kwa 2. Donge la sentimita 5 kwa 4 kwa 4 lina mililita 40.

Katika kundi la kwanza la wagonjwa waliotumika kuitengeneza alama hii, vifo ndani ya siku 30 vilikuwa asilimia 13 kwa alama 1, asilimia 26 kwa alama 2, asilimia 72 kwa alama 3 na asilimia 97 kwa alama 4. Tarakimu hizo zinatisha, na hapo ndipo penye mtego mkubwa wa kazi hii. Mgonjwa akipewa alama 3 na timu ikaamua moyoni kwamba hapa hakuna kitu, hageuzwi kitandani kwa wakati, mrija wa kulishia unacheleweshwa, homa haishughulikiwi, na anafariki kama ilivyobashiriwa. Kisha kifo chake kinaonekana kuthibitisha fomula. Kwa sababu hiyo miongozo ya Marekani hushauri kwamba uamuzi mpya wa kutomfufua mgonjwa wa aina hii moyo wake ukisimama, kama hakuwa nao kabla, uahirishwe angalau hadi siku ya pili kamili ya kulazwa ipite. Mimi ningeongeza kwamba alama ya ICH isiandikwe kwa wino mwekundu juu ya faili, mahali ambapo kila anayebadilishana zamu ataisoma kabla ya kumwona mgonjwa.

Siku ya tatu: mkono na mguu

Makadirio haya hayahitaji mashine, na kwa maoni yangu ndiyo yenye faida kubwa kuliko yote katika hospitali ya wilaya. Ndani ya saa 72, mwombe mgonjwa anyooshe vidole vya mkono uliopooza na ainue mkono kwa pembeni kutoka begani. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba anayeweza yote mawili, hata kidogo, ana uwezekano wa asilimia 98 wa kurudisha kiasi fulani cha utendaji wa mkono baada ya miezi 6. Asiyeweza lolote ana asilimia 25, na akibaki hivyo hadi siku ya 9 inashuka hadi 14. Angalia vidole kwa utulivu, kwa kuwa wengi huwasifu wagonjwa kwa kukunja ngumi, wakati kukunja hakubashiri sawa na kunyoosha.

Kwa kutembea, mkalishe ukingoni mwa kitanda bila kuegemea, huku umesimama karibu asianguke, na uhesabu sekunde 30. Kisha pima nguvu za mguu uliopooza. Anayeweza kukaa na mwenye nguvu kiasi mguuni ndani ya saa 72 ana uwezekano wa asilimia 98 wa kutembea mwenyewe baada ya miezi 6. Asiyeweza lolote kati ya hayo mawili ana takriban asilimia 27, na akiwa bado hawezi siku ya 9, asilimia 10.

Rekebisha kulingana na wodi yako

Fomula hizi zilipimwa mahali penye wodi maalumu za kiharusi. Wodi yako ikiwa na muuguzi mmoja kwa wagonjwa 40, zichukue kama njia ya kuwapanga wagonjwa kwa hatari, na usizinukuu asilimia zake kana kwamba zilihesabiwa kwako. Zingatia pia yatakayotokea baada ya hesabu: nimonia ya chakula kuingia mapafuni, vidonda vya kulalia, damu kuganda mguuni, na dawa za presha kukatika baada ya kuruhusiwa. Utafiti wa QASC wa Australia, uliochapishwa mwaka 2011, uliwapa wauguzi utaratibu wa kudhibiti homa, sukari na umezaji tu. Waliofariki au kubaki tegemezi baada ya siku 90 walikuwa asilimia 42, dhidi ya 58 katika wodi za kulinganisha. Jaribio la kumeza maji kabla ya kikombe cha kwanza cha uji lina uzito katika makadirio yako kama ulivyo umri wa mgonjwa.

Kuwaeleza ndugu, na kujisahihisha

Zungumza na wanafamilia wakiwa wamekaa, na toa makadirio ya takriban badala ya namba moja ya uhakika. Unaweza kusema: "Mama, katika wagonjwa 10 walio kama baba, 7 hivi hufikia kujihudumia baada ya miezi 3, na 3 huendelea kuhitaji msaada au hufariki. Leo siwezi kujua yeye yuko upande upi. Keshokutwa nitampima mkono na mguu, nitawaambia zaidi." Kwa mgonjwa mwenye hatari kubwa, taja kifo waziwazi, maana msemo wa "tumwombee" husikika kwa wengine kama ahadi ya kupona na kwa wengine kama taarifa ya msiba. Kuhusu usemi, usiwafungie mlango mapema, kwa kuwa lugha huendelea kurudi hata baada ya mwendo kusimama, ingawa sehemu kubwa ya maendeleo hutokea katika majuma 10 hadi 12 ya mwanzo.

Andika makadirio yako kwenye daftari siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, pamoja na namba ya simu ya ndugu wawili, kwa sababu laini moja hupotea. Siku ya 90 piga simu, uliza kama anatembea bila kushikwa, kama anaoga na kuvaa mwenyewe, kama anaweza kuachwa peke yake nyumbani mchana kutwa na kama amerudi kwenye kazi yake, kisha mpe alama ya Rankin na uiandike kando ya ile uliyoibashiri. Ukiona wagonjwa wako wanafanya vibaya kuliko fomula, tafuta kwanza kama tofauti inatokana na waliofariki wodini au waliofariki nyumbani, kwa kuwa ya kwanza hurekebishwa kwenye zamu za usiku na ya pili kwenye kliniki ya presha.