Kuurefusha Umri wa Mpira wa Presha katika Kazi ya Kusafisha Mazulia Lamu

Mpira unaopeleka maji ya moto kutoka kwenye mashine ya kusafisha mazulia hadi kwenye fimbo ya kunyunyizia huharibika mara chache sana kwa sababu ya presha yenyewe. Mashine nyingi za kubebeka, zile zinazonyunyiza maji na kuyafyonza papo hapo, husukuma maji kwa presha ya bar 7 hadi 35, ilhali mpira uliotengenezwa kwa kazi hii mara nyingi huwa umeandikwa ubavuni kwamba unastahimili bar 200 au zaidi. Nafasi iliyopo kati ya viwango hivyo viwili ni kubwa mno. Kinachoumaliza mpira kabla ya wakati wake ni kukunjwa karibu na kiungo, kusuguliwa, kuachwa umejaa maji ya moto au dawa, na kuliwa na chumvi na jua. Katika mji wa Lamu mambo yote hayo hukutana mahali pamoja, na kwa hiyo fundi wa huku anapaswa kuutunza mpira wake kwa uangalifu kuliko anavyoelekezwa na kijitabu kilichokuja na mashine.

Ni vyema kwanza kuelewa mpira umeundwaje, kwa sababu hapo ndipo unapojua ni jeraha lipi la kupuuzwa na lipi la kuusimamisha. Ndani kabisa kuna mrija laini unaogusana na maji na dawa. Juu yake kuna wavu wa waya za chuma au nyuzi za polista, na wavu huu ndio unaobeba presha yote. Nje kuna ganda ambalo kazi yake ni kuulinda wavu tu. Mchubuko wa ganda si hatari kwa siku ya kwanza, lakini waya ikishaonekana, hewa ya bahari itaanza kuila mara moja, na kutu hiyo hutambaa chini ya ganda hadi mahali ambapo macho hayafiki. Kwa hiyo anayenunua mpira mpya kwa ajili ya kazi za pwani afikirie ule wenye wavu wa nyuzi za polista, mradi presha na joto lililoandikwa juu yake linatosha kwa mashine yake. Anayefua mazulia uani kwa mashine ya kuoshea magari, ambayo hufika bar 100 hadi 150, hana nafasi hiyo kubwa ya usalama, na kwake waya ni bora. Lakini naye ndiye anayepaswa kuwa mkali zaidi katika ukaguzi.

Sehemu inayokufa mapema kuliko zote ni shingo, yaani pale mpira unapoingia kwenye kola ya chuma iliyobanwa kwa mashine ili kushika koplingi, yaani kiungo cha kuufungia kwenye mashine au fimbo. Upande mmoja ni chuma kisichopinda hata kidogo, upande wa pili ni mpira unaopinda, na nguvu yote ya kuvuta na kupindisha huishia kwenye mstari mwembamba kati ya viwili hivyo. Mpira wenye kipenyo cha ndani cha milimita 6 na safu moja ya waya haupaswi kukunjwa kwa duara lenye nusukipenyo cha chini ya sentimita 10. Ukitazama namna wengi wanavyofanya kazi, utaona mpira ukining'inia kutoka kwenye mashine iliyowekwa juu ya baraza, ukiangukia chini kwa pembe kali sentimita chache tu kutoka kwenye kola. Iweke mashine sakafuni, au ugeuze mdomo wake uelekee kule mpira unakokwenda, ili sentimita 20 za kwanza zilale zimenyooka. Valisha kila shingo springi au kipande cha mpira mnene wa kuzuia kukunjika; ni kitu cha bei ndogo, nami sioni sababu yoyote ya fundi kufanya kazi bila hicho. Upande wa fimbo, tia koplingi inayozunguka, kwa sababu mkono ukigeuka kila mara bila koplingi hiyo, mpira husokoteka na msokoto huo hutua shingoni. Vilevile, mashine isivutwe hata siku moja kwa kuuvuta mpira. Mashine ikikwama, fundi aende akaisukume kwa mkono.

Jambo la pili kwa uzito ni kona. Nyumba za mji wa kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na kupigwa lipu ya chokaa, na pale lipu ilipobanduka jiwe huachwa wazi likiwa na makali ya kutosha kulichana ganda la mpira kwa alasiri moja. Kwa kuwa vichochoro ni vyembamba na mashine mara nyingi hubaki chini kwenye daka la mlangoni au kiwandani, yaani ua wa ndani ya nyumba, huku zulia likiwa ghorofani, mpira hupita kona mbili tatu na ngazi yenye vipandio vya ukingo mkali. Kila mahali ambapo mpira unagusa ukingo, weka kinga. Kipande cha bomba la plastiki lililopasuliwa kwa urefu wake hutosha, na hata gunia lililokunjwa mara nne husaidia. Kinga hii pia ni heshima kwa mwenye nyumba, maana mpira unaovutwa huku na huku huila lipu ya zamani, na kizingiti cha mlango wa nakshi kikishakwaruzwa hakirudi kuwa kile cha kwanza. Ukihitaji kusogea mbele, panda ngazi na msaidizi wako alishe mpira kutoka chini. Msivute nyote wawili kutoka upande mmoja hadi mpira ukaze kwenye kona.

Kichochoroni nje, ulaze mpira kandokando ya ukuta na umweke mtu pale unapokatiza njia, kwa sababu punda aliyebeba mawe hatauruka na mkokoteni uliojaa saruji hautausubiri. Gurudumu likipita juu ya mpira wenye presha, wavu hubonyea na mrija wa ndani hukunjika, hata kama nje huoni alama yoyote. Mbao mbili zilizolazwa huku na huku za mpira, zenye unene unaouzidi, zinatosha kuwa daraja.

Joto linahitaji maelezo marefu kidogo. Kiwango cha presha kilichoandikwa kwenye mpira hupungua kadiri maji yanavyopata moto, na mpira uliokaa na maji ya nyuzi 80 au 90 huwa laini kuliko ule wa maji baridi. Ukiuacha umefungwa, una presha, na umelala juani, unaulazimisha kutanuka kwa muda mrefu bila sababu. Desturi ya kazi zetu ina mapumziko yanayojulikana: kazi husimama adhana ya adhuhuri inapolia, na kazi nyingi za misikitini kabla ya Ramadhani hugawanywa kwa kufuata nyakati za sala. Kila mnapositisha, zimeni pampu na hita, kisha bana kifyatuo cha fimbo hadi presha iishe kabisa, na muusogeze mpira kivulini. Wakati wa kazi yenyewe, kifyatuo kiachiliwe polepole. Maji yanayosimamishwa ghafla hurudisha pigo kwenye mpira mzima, na mfanyakazi anayebana na kuachia haraka haraka siku nzima huuchosha mpira, pampu na valvu kwa pamoja.

Dawa za kusafishia mazulia nyingi ni za alkali, na baadhi zina mafuta ya ganda la chungwa ya kuondoa grisi na gundi. Maji ya alkali yaliyochanganywa kwa kipimo hayaudhuru mpira mzuri yakipita. Yanaudhuru yakilala humo. Mwisho wa kila kazi pitisha maji safi ya baridi hadi povu liishe, kisha endelea kwa dakika moja au mbili. Dawa yenye mafuta ya chungwa ni afadhali ipulizwe kwa pampu ya mkono badala ya kupitishwa kwenye mashine, kwa sababu huvimbisha aina nyingi za mpira. Hapo ndipo oringi za koplingi, yaani pete za kuzuia maji yasivuje, zinapoingia. Oringi za kawaida, za mpira wa aina ya nitrili, zinavumilia mafuta na joto la wastani. Za EPDM zinapenda maji ya moto na alkali lakini huharibiwa na mafuta. Za Vitoni huvumilia joto na viyeyusho vingi. Ujue za kwako ni zipi, na uzipake grisi ya silikoni. Mafuta ya gari au vaselini yasiguse EPDM kabisa.

Maji ya visima vinavyopita kwenye mwamba wa matumbawe huwa na chokaa nyingi, na mji wa Lamu kwa miaka mingi umetegemea maji ya chini ya matuta ya mchanga ya Shela. Chokaa hiyo huganda ndani ya hita, kisha hubanduka vipande vidogo ambavyo hukwaruza mrija wa ndani na kuziba nozeli. Weka chujio kwenye mdomo wa kuingizia maji na ulisafishe kila siku, hasa kwa kuwa mchanga mwembamba hauepukiki hapa. Ukiona ukoko mweupe kwenye nozeli, pitisha maji yenye asidi ya limau ya unga iliyochanganywa nyepesi, yaache kwa muda mfupi, kisha suuza vya kutosha.

Chumvi haisubiri maji ya bahari yakuguse, lakini anayevusha mashine kwa boti kutoka Mokowe, gati la upande wa bara, atarushiwa maji ya bahari msimu wa kusi, na mizigo yake lazima iwe imefunikwa kwa turubai. Ukifika, futa kola na koplingi zote kwa kitambaa chenye maji matamu, kausha, na paka silikoni kidogo. Nyumbani, mpira uliokwisha kumwagwa maji ukunjwe kwa duara pana, mzunguko mmoja juu na unaofuata chini, kama mabaharia wanavyokunja kamba zao, ili usiwe na msokoto utakapofunguliwa. Usiutundike kwenye msumari. Utundike kwenye kitu kipana kama rimu kuukuu ya gari, ndani ya chumba chenye kivuli, mbali na paa la mabati.

Ukaguzi ufanywe kabla ya kazi, mpira ukiwa mkavu na hauna presha. Upitishe mkononi wote, pole pole, ukitafuta uvimbe, sehemu iliyolainika, mpasuko, waya inayochomoza, au kutu kwenye kola. Kisha uwashe mashine kwa presha ndogo na utazame. Kuvuja kusitafutwe kwa kiganja. Maji ya presha yanayotoka kwenye tundu dogo yanaweza kupenya ngozi, na jeraha lake huonekana dogo ilhali uharibifu wa ndani ni mkubwa. Aliyepatwa nalo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo na aeleze kwamba ni maji ya presha. Pitisha kipande cha kadibodi badala ya mkono.

Mpira ulioharibika karibu na shingo unaweza kukatwa na kubanwa kola mpya na fundi wa haidroli mwenye mashine ya kubania, na utabaki mzima ukiwa mfupi kidogo. Klemu ya skrubu si badala ya kola hiyo, hata kwa kumalizia kazi ya siku moja. Kwa kuwa huenda safari ya kumfikia fundi huyo ni ya kuvuka kwenda bara, kuwa na mpira wa pili uliokwisha kutiwa koplingi zake ni sehemu ya mtaji wa kazi. Ule ulioharibika katikati, au wenye waya iliyoota kutu, ukate vipande siku hiyo hiyo ili msaidizi asije akaurudisha kwenye mashine. Vipande hivyo, vikipasuliwa kwa urefu, vinafaa kuwa kinga ya kona na vipandio vya ngazi.