Stata nzito? Pima eathi (waya wa hasi wa betri unaofungwa kwenye bodi na injini) kabla hujanunua betri

Wenye Toyota Altezza huku Mtwara, hasa mnaolaza gari nje Shangani au Mikindani karibu na bahari, ikianza kupiga stata kizembe usikimbilie betri mpya. Chukua mita, weka volti za DC, waya mmoja gusa nguzo ya hasi ya betri yenyewe (sio kibanio), mwingine chuma tupu cha injini, mbali na feni, halafu mtu apige stata. Ikisoma zaidi ya volti 0.5 ujue eathi imeliwa na chumvi, umeme unapotelea njiani. Altezza za mwisho kutengenezwa ni za 2005, hizo nyaya ni za siku nyingi jamani. Chomoa hasi, fungua waya unapofungwa kwenye bodi na kwenye injini, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, ndo upake grisi kwa juu, sio kabla. Yangu ilisoma 1.1, ikashuka 0.1. Ila mita ikisoma vizuri na stata bado nzito, hapo huenda betri imechoka au kaboni za stata zimeisha, msasa hausaidii kitu. Na waya ukishakuwa kijani mpaka ndani badilisha tu.