Kabla Hujaanza Kupima Saa ya Mwili ya Mnyama wa Damu Baridi

Kabla hujamweka mjusi au nzi wa matunda gizani ili uchunguze saa yake ya mwili, yaani mtambo wa ndani unaopanga mzunguko wake wa karibu saa 24, amua kwanza unauliza swali gani. Unataka kujua joto linabadilisha vipi mwendo wa saa hiyo, au jinsi linavyoirekebisha imwambie mnyama kumekucha? Ukiyachanganya haya mawili, wiki nzima za kazi zitapotea.

Kuhusu mwendo, jiandae kuona badiliko dogo mno. Athari nyingi za kemikali huenda kasi mara 2 hadi 3 joto likipanda nyuzi 10 za Selsiasi. Kama saa ya mwili ingefuata kanuni hiyo, mzunguko wa saa 24 kwenye nyuzi 28 ungefika saa 48 au zaidi kwenye nyuzi 18, na mnyama asingejua kucha wala kuchwa. Lakini mwaka 1954 mwanabiolojia Colin Pittendrigh alionyesha kwamba saa inayowaongoza nzi wa matunda kutoka kwenye pupa (hatua ya mdudu kabla hajawa mkubwa) hubaki karibu na saa 24 hata kwenye baridi. Mwili unafidia badiliko la joto, na kwangu hilo ni ajabu kubwa isiyozoeleka. Basi rekodi siku 10 mfululizo au zaidi, kwenye viwango vitatu vya joto, la sivyo tofauti hiyo ndogo hutaiona.

Usidanganywe na uchangamfu. Chenene huimba upesi zaidi kwenye joto, hata mwanafizikia Amos Dolbear akaandika kanuni ya kukadiria joto kwa mlio wao mwaka 1897, ila huo si mwendo wa saa yao. Nzi wa matunda naye, joto likizidi, hupumzika mchana mrefu na kusogeza pilikapilika zake kuelekea usiku, huku mzunguko ukiwa uleule.

Taa ndiyo mtego mbaya kuliko yote. Balbu ikiwaka, kizimba kinapata joto, ikizimwa, kinapoa. Utasema mnyama amefuata mwanga, kumbe amefuata joto. Mijusi wengine hufuata mzunguko wa joto wenye tofauti ya karibu nyuzi 1 tu, kwa hiyo weka kipimajoto kinachorekodi chenyewe ndani ya kizimba, pale mnyama anapolala, na ukiache kifanye kazi siku mbili kabla hujamwingiza. Kipimajoto cha ukutani hakikusaidii kitu.

Chakula kipelekwe saa zisizo na mpangilio, kisije kikawa ishara nyingine. Jua pia mipaka ya spishi yako, maana baridi ikizidi saa husimama. Ukimrudisha mnyama kwenye joto, mara nyingi saa huanza tena kutoka sehemu maalumu ya mzunguko, si pale iliposimamia, kwa hiyo daftari liwe mkononi tayari kuandika dakika uliyompasha joto.