Sola ya kuvaliwa: jinsi ya kuifunga isipasuke

Hapa tunataka kuendesha kwa mwanga wa jua sensa ndogo ya kuvaliwa, yaani kifaa kidogo cha kupimia kilicho kwenye nguo. Tumia seli ya sola ya utando mwembamba iliyokwisha kutengenezwa, kwa sababu kuitengeneza seli yenyewe ni kazi ya maabara.

Hatua ya 1: Hesabu umeme. Sensa inayolala muda mwingi na kuamka kutuma taarifa kwa bluetooth yaweza kutumia wastani wa miliwati 1, yaani miliwati-saa 24 kwa siku. Jua kali la utosini huleta takriban wati 1000 kwa kila mita ya mraba. Kipande cha sentimita 10 kwa 10 chenye ufanisi wa asilimia 6 hutoa wati 0.6 kikielekezwa kwenye jua. Mwili hautulii hivyo, kwa hiyo mimi huhesabu robo tu. Hata robo hiyo, ukiongeza kinachopotea wakati wa kuchaji, hujaza mahitaji ya siku kwa robo saa hivi ya jua. Ndani ya nyumba hali ni nyingine kabisa: utapata umeme kidogo sana.

Umeme basi upo. Kinachoua miradi hii ni mkunjo.

Hatua ya 2: Linda seli isivutwe. Ili kujua uso wa seli unavutwa kiasi gani, gawa unene wa plastiki kwa mara mbili ya nusukipenyo cha mpindo. Plastiki ya milimita 0.1 ikipinda kwa nusukipenyo cha milimita 10, uso wake unavutwa asilimia 0.5. Kwa milimita 2 inakuwa asilimia 2.5, na tabaka la oksidi ya indiamu na bati, ambalo ndilo kipitishi angavu (hupitisha umeme na mwanga pia) katika seli nyingi, huanza kupasuka karibu na asilimia 1 hadi 2. Kwa hiyo weka seli begani au mgongoni, kamwe si kwenye kiwiko. Kisha ibane katikati ya tabaka mbili za plastiki zenye unene sawa: upande wa nje wa mpindo huvutwa, wa ndani hubanwa, na katikati karibu hapaguswi. Usiiruke hatua hii hata ukiwa na haraka.

Hatua ya 3: Unga waya. Joto la kulehemu hukunja plastiki. Tumia gundi ya fedha inayopitisha umeme. Acha waya ujipinde kidogo kabla ya mshono ili usivute kiungo. Ukiishona seli kwenye nguo, shona nje ya ukingo wa plastiki uliozibwa, maana tundu la sindano huingiza unyevu.

Hatua ya 4: Betri. Vipande vinavyotazama pande tofauti viunge sambamba, kila kimoja na daiodi yake (kijenzi kinachopitisha umeme upande mmoja tu), ili kilicho kivulini kisinyonye umeme wa wenzake. Saketi ya kuchaji betri ya kawaida ya lithiamu polima ikomee volti 4.2.

Hatua ya 5: Jaribu. Pima volti na mkondo chini ya taa ileile, kwa umbali uleule. Kunja seli juu ya bomba mara 1000, upime tena. Volti bila mzigo (yaani bila kifaa kinachotumia umeme) ikibaki ileile lakini umeme ukipungua unapoweka mzigo, mara nyingi kipitishi kimepasuka: rudi hatua ya 2. Volti yenyewe ikianguka, shuku kwamba tabaka za ndani zimegusana. Seli hiyo ibadilishe.